Mfinyanzi na Gae Lake: Juhudi na Stahili katika Sanaa ya Uimbaji

Aghalabu kijana anayetaka kuingia katika uwanja wa muziki huusiwa neno moja: jitahidi, nawe utafanikiwa. Wosia huu huegemezwa juu ya methali, na ndiyo sababu mhakiki wa fasihi hana budi kuuchunguza. Je, juhudi humpa msanii haki ya kufanikiwa?

Methali zetu hazisemi kwa kauli moja. "Mchumia juani hulia kivulini" hutoa ahadi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" haiahidi lolote. Hutaja sharti tu. Asiyeinama hatapata, lakini haikusemwa kwamba kila ainamaye atapata. Huenda kilichokuwa mvunguni kimekwisha kuchukuliwa. Methali ya tatu, "Mfinyanzi hulia gaeni", yaenda mbali zaidi: anayetaabika aweza kuwa ndiye anayekosa tunda la taabu yake.

Tuchukue mfano wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia fukara, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911. Huko alifundishwa uimbaji, akaungana na wapiga ala mahiri, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na tangu hapo amesomwa kama kielelezo cha bidii.

Usomaji huo ni wa haki, ila haujakamilika. Sauti na bidii vilikuwa vyake. Lakini walimu, wenzake wa taarabu, na kampuni ya santuri iliyotafuta soko katika pwani ya Afrika Mashariki ni mambo yaliyokuwa nje ya uwezo wake. Ni wangapi walioimba kwa bidii iyo hiyo mashambani, wasifikiwe na mtambo wowote? Historia haikuhifadhi majina yao, na kukosekana kwa majina si ushahidi wa uvivu.

Hapa ndipo penye uzito wa kimaadili. Sharti likishageuzwa kuwa ahadi, anayeshindwa huadhibiwa mara mbili: amekosa alichokitafuta, tena anaambiwa kwamba kukosa kwake ni hatia yake. Wakati huo huo, wenye studio, mikataba na vituo vya redio huepushwa na maswali.

Yamkini msomaji atapinga: ikiwa juhudi haihakikishi lolote, mtu ajitaabishe kwa nini? Tunajibu kwamba juhudi ina thamani ya aina mbili. Kwanza, huikamilisha sanaa yenyewe. Sauti iliyofunzwa hubaki bora hata pasipo santuri. Pili, huzaa dai juu ya jamii. Dai hilo si umaarufu, kwani hakuna awezaye kulazimishwa kuupenda wimbo. Ni dai la kutambuliwa na kulipwa pindi kazi inapotumiwa na wengine.

Mfano wa "Malaika" unaonyesha tofauti hiyo. Wimbo huo ulirekodiwa nchini Kenya na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ukaimbwa na Miriam Makeba na kundi la Boney M. Utunzi wake umebishaniwa kwa muda mrefu. Wimbo ulifanikiwa pasi na shaka. Lililobaki mashakani ni nani astahiliye. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inawatambua watunzi na waimbaji pia, lakini sheria hulinda kilichothibitishwa, si kilichotolewa jasho tu.

Basi tunapomwambia kijana ainame, tumwambie pia kwamba huenda mvunguni hamna kitu. Na akiinuka na chungu mkononi, sisi tunaokila chakula chake tusimwachie gae.