Nani Mzee wa Desturi?

Tarehe 30 Novemba 2024 vyuo vikuu viwili vya jimbo la Texas, katika Marekani, vilikutana tena uwanjani baada ya kuachana miaka 13. Mwenyeji alikuwa Chuo cha Texas A&M, kilicho katika mji wa College Station; mgeni alikuwa Chuo cha Texas cha mji wa Austin, naye akashinda 17 kwa 7. Kwa mtu asiyejua habari zao huo ni mchezo tu, ile kandanda ya Kimarekani ya mpira wenye umbo la yai, uchukuliwao mikononi. Kwa wenyeji wa jimbo lile siku hiyo ni kama sikukuu ya ukoo. Na miezi michache kabla yake wakuu wa Texas A&M walikuwa wamelazimika kujibu swali ambalo, kwa maoni yetu, lawahusu wazazi wote wenye watoto shuleni na vyuoni, hata wale ambao hawatauona mchezo huo maisha yao: Je, desturi iliyoua watu yafaa kurudishwa?

Wala tusianze kwa kukemea. Wako watu wazima wanaodhani kwamba wanafunzi wanaoimba, kupiga vigelegele na kuvaa rangi moja siku ya mchezo ni watoto waliokosa kazi. Hatukubaliani nao. Kijana atokaye kwao na kuingizwa katika umati wa watu zaidi ya 70,000, kwani ndio wingi wa wanafunzi wa Texas A&M siku hizi, ahitaji kitu cha kumwambia kwamba yeye ni wa hapo. Vitabu peke yake havimwambii hivyo. Usiku wa kuamkia mchezo wa nyumbani maelfu yao huingia katika uwanja wao, Kyle Field, saa sita ya usiku, ili kufanya mazoezi ya kushangilia. Kesho yake husimama kwa miguu tangu mwanzo wa mchezo hata mwisho.

Kusimama huko kuna kisa chake. Tarehe 2 Januari 1922, mjini Dallas, timu yao ilicheza na Chuo cha Centre, na wachezaji wakaumia mmoja baada ya mwingine hata akiba ikakaribia kwisha. Mwalimu wao, Dana X. Bible, akakumbuka kwamba kule juu walikoketi waandishi wa magazeti yuko mwanafunzi mmoja, E. King Gill, ambaye alikuwa ameiacha timu kwa ajili ya mpira wa kikapu, na siku ile kazi yake ilikuwa kuwasaidia waandishi kuwatambua wachezaji. Akaitwa. Akashuka, akavaa nguo za mwenzake aliyeumia, akasimama kando ya uwanja mpaka mchezo ukaisha. Hakuingia. Timu ilishinda 22 kwa 14 bila yeye kugusa mpira. Kwa kuwa wachezaji uwanjani huwa 11, yeye akaitwa mtu wa kumi na mbili, na wanafunzi husimama ili kuonyesha kwamba nao wakiitwa watashuka. Kisa hiki chatupendeza kuliko visa vingi vya mashujaa, maana chuo kizima kimechagua kumheshimu mtu ambaye sifa yake yote ni kwamba alikuwa tayari.

Hata mambo yao ya kuchekesha hayana ubaya. Chuo kina mbwa, jina lake Reveille, aliyepewa cheo cha juu kuliko wanafunzi wote wa kikosi cha kijeshi cha hapo. Mbwa waliomtangulia wamezikwa nje ya uwanja, wakielekezwa upande wa ubao wa matokeo. Na uwanja ulipopanuliwa, jengo likawaziba wasione, wakawekewa ubao wao mdogo. Mwenye kununa na anune.

Ugumu waanzia kwenye moto. Kwa muda wa miaka 90 hivi, kila walipojiandaa kucheza na Chuo cha Texas, vijana hao waliwasha moto mkubwa kuonyesha nia yao ya kumshinda jirani. Ilisemwa kwamba mnara ukiwaka bila kuanguka mpaka saa sita ya usiku, ushindi ni wao. Hapo zamani walichoma takataka na mbao zilizookotwa huku na huku. Wengine wakaokota visivyookotwa, hata mwaka 1935 mkulima mmoja akaja kushtaki kwamba ghala lake zima limebebwa. Basi wakuu wa chuo wakaona ni afadhali vijana wapewe mashoka wakakate miti kwa halali. Lilikuwa shauri la busara, wala hatuoni nani angelilaumu. Lakini tangu hapo moto ukageuka kuwa jengo. Magogo yalisimamishwa wima kuizunguka nguzo ya katikati, yakafungwa kwa waya, na juu yake likapandishwa tabaka la pili, na la tatu, na kuendelea. Mwaka 1969 mnara huo ulifika futi 109, kimo cha nyumba ya orofa kumi. Ndipo ukawekwa mpaka wa futi 55. Mwaka 1999 mnara ulikuwa na futi 59.

Tarehe 18 Novemba ya mwaka huo, saa nane na dakika 42 usiku, mnara wa magogo 5,000 hivi uliporomoka huku wanafunzi wakiwa juu yake kazini. Walikufa watu 12: wanafunzi 11 na kijana mmoja aliyekwisha kuhitimu. Wengine 27 waliumia.

Tume iliyoundwa kuchunguza msiba huo ilitoa taarifa yake mwezi wa Mei 2000. Magogo ya tabaka la pili yalikuwa yamepigiliwa kama kabari katikati ya yale ya tabaka la kwanza, yakayasukuma kwa nje, na waya uliofungwa haukuwa na nguvu ya kuyazuia. Miaka ya nyuma ilikuwa kawaida kuzungushia kamba za chuma. Mwaka ule hazikuwapo. Lakini tume haikuishia kwenye waya. Ilisema pia kwamba kwa miaka mingi jengo kubwa namna ile lilijengwa bila ramani ya mhandisi, na kwamba vijana waliachiwa maamuzi yaliyozidi ujuzi wao.

Hapa twapenda kukaa kidogo. Katika desturi za vijijini, yule ajuaye kwa nini jambo hufanyika huishi pamoja na wasiojua kwa miaka 40 au 50. Kijana akitaka kuongeza lake, mzee yupo wa kumwambia kwamba jambo hilo lilijaribiwa zamani, na waliolijaribu walipata hasara. Chuoni sivyo. Huko kila mtu huondoka baada ya miaka 4, na mzee wa desturi ana miaka 22. Alifundishwa na mwenye miaka 21, ambaye naye alifundishwa na mwingine, na wote wamekwisha kwenda zao. Umbo la jambo hupita toka mkono hata mkono, lakini sababu yake hubaki njiani. Mwaka mmoja kamba za chuma zafungwa, mwaka mwingine hazifungwi, wala hakuna aliyekaa pale muda wa kutosha hata ashtuke. Kila kizazi huongeza kidogo, na kwa kuwa ni kidogo, hakuna aonaye kwamba nyumba imekwisha kuwa nyingine.

Waliokuwa na miaka ya kutosha walikuwapo, nao ni walimu na wakuu wa chuo. Hatudhani kwamba walinyamaza kwa kutojali. Walinyamaza kwa heshima: uzuri wa moto ule, walisema wengi, ni kwamba ni kazi ya wanafunzi wenyewe, waliokata miti kwa mikono yao na kukesha juu ya magogo, hata wakajifunza kuongoza na kutii. Yote hayo ni kweli. Walakini dalili hazikukosekana. Mwanafunzi mmoja alikufa katika shughuli hizo mwaka 1955, na mwingine mwaka 1981. Mwaka 1994 mnara uliharibika kabla ya siku yake. Watu wakasema ni mvua iliyolainisha ardhi, vijana wakaujenga upya upesi, na bidii yao ikasifiwa kuwa ndiyo moyo wa chuo. Onyo likapokelewa kama tuzo. Kumheshimu kijana ni wajibu. Lakini mtu mzima anayeogopa kumwambia kijana “basi”, asije akaonekana mharibifu wa furaha, amemwachia mzigo ambao si wa umri wake.

Wako watakaotujibu kwamba ukiondoa hatari umeondoa na moyo wenyewe. Jibu hilo si geni katika chuo kile. Tangu kilipofunguliwa mwaka 1876 kilikuwa chuo cha wanaume, na karibu wote walikuwa wanafunzi wa kijeshi. Mwaka 1963, chini ya uongozi wa Earl Rudder, wanawake walianza kupokewa, nao mwaka 1965 ukawa mwisho wa kumlazimisha kila mtu kuingia kikosini. Wahitimu wengi walilia kwamba chuo chao kimekufa. Basi na watazame leo, wanawake kwa wanaume wakisimama bega kwa bega mchezo mzima, wakiwa tayari kama Gill. Kilichobadilika kilikuwa kikubwa kuliko magogo, na bado moyo ukabaki.

Tena, kama mtu ataka kuuona moyo huo, na atazame asubuhi ile ya msiba. Mashine kubwa hazikuweza kutumiwa ovyo, maana gogo moja likivutwa vibaya lingewaponda waliokuwa hai chini yake. Wanafunzi wakaja, pamoja na wachezaji wa timu, wakayabeba magogo kwa mikono, moja moja, chini ya uongozi wa waokoaji. Huko Austin nako, wale majirani waliokuwa washindwe kwa moto huo walikusanyika na mishumaa kuwaombolezea wafu. Siku ya mchezo, tarehe 26 Novemba, bendi yao ilipiga nyimbo za maombolezo na kuvua kofia mbele ya watu wa timu pinzani. Texas A&M ilishinda 20 kwa 16, lakini hicho si ambacho watu wengi hukumbuka kwanza.

Mwaka 2024, mchezo na jirani ulipokuwa karibu kurudi, lilitolewa shauri kwamba moto nao urudi chuoni, ila mnara ujengwe na makandarasi kwa ramani ya wahandisi. Mwezi wa Juni mkuu wa chuo, Mark Welsh, alikataa. Alisema moto ule ni sehemu ya historia yao, na ubaki huko. Twaona alihukumu sawa, wala si kwa sababu ya hatari peke yake. Mnara uliojengwa na watu wa mshahara ungekuwa salama, lakini shoka, usingizi uliokatwa na urafiki wa porini, ambavyo ndivyo vilivyopendwa, visingekuwamo. Vijana wangebaki watazamaji wa desturi yao wenyewe.

Wako pia wanafunzi ambao tangu mwaka 2002 huujenga moto wao nje ya chuo, bila idhini yake. Hatuwatukani, maana wamebadili ujenzi, na kila gogo lao sasa lagusa ardhi. Swali letu kwao ni lile lile ambalo mzazi yeyote aweza kumwuliza mwanawe juu ya mchezo wowote, safari yoyote, au mapokezi yoyote ya wanafunzi wapya: Aliye na haki ya kuwaambia “acheni” ni nani, nanyi mtamsikia?

Desturi nyingine za chuo kile zaendelea bila kelele. Kila tarehe 21 Aprili wahitimu hukutana mahali zaidi ya 300 duniani, majina ya waliokufa mwaka ule yakasomwa, na kwa kila jina rafiki au ndugu akaitika, “Nipo.” Pale mnara ulipoanguka pamejengwa ukumbusho, uliofunguliwa tarehe 18 Novemba 2004. Ni mviringo wenye milango 12, kila mmoja umeelekea mji alikotoka mmoja wa wafu, na mawe 27 kwa ajili ya walioumia. Kila mwaka, tarehe hiyo, saa nane na dakika 42 usiku, wanafunzi hukusanyika hapo. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1999.