Koti la Dawa

Marehemu shangazi yangu hakuwahi kumeza kapsuli ikiwa nzima. Alikuwa akiishika kwa ncha za vidole, analivuta ganda pande mbili, unga anaumwaga kwenye kijiko cha asali na kuulamba, kisha vipande viwili vya ganda, chekundu na cha njano, anavitupa. Ukimuuliza sababu anakujibu: "Dawa naijua, daktari kaniandikia. Hili koti lake sijui limeshonwa kwa ngozi ya nani."

Tulimcheka sana. Na kiafya alikuwa anacheza na hatari, maana zipo dawa ambazo ganda lake limewekwa makusudi ili zipite salama tumboni zikafanye kazi kwenye utumbo, ukizifungua umeziharibu. Lakini kuhusu koti alikuwa na haki. Maganda mengi ya kapsuli ni jelatini, na jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ngozi ya nguruwe. Ule wekundu nao una ukoo wake. Rangi nyekundu iitwayo kamini, ambayo kwenye vibandiko huandikwa E120, hutokana na vidudu vya kike vinavyoishi juu ya dungusi kakati, hasa nchini Peru. Hukusanywa, hukaushwa, husagwa.

Lililonikaa kichwani kwa miaka si nguruwe wala kidudu. Ni kwamba rangi haiponyi kitu. Ukiiondoa, homa itashuka vilevile. Imewekwa ili mgonjwa asichanganye vidonge vya asubuhi na vya usiku, ili muuguzi atambue kwa jicho moja, na ili sisi tuamini. Mtu anaingia duka la dawa na kusema "nipe zile za rangi mbili", na muuzaji anaelewa. Rangi katika dawa ni neno tu, halina nguvu zaidi ya maana tuliyolipa. Basi mtu anayeuliza kama rangi ya kidonge ni halali anauliza jambo la ajabu kidogo: je, hata maana inaweza kuwa najisi?

Wanaotafuta njia ya kulikwepa swali hilo siku hizi huelekea majini. Kuna mwani mdogo usioonekana kwa macho mpaka ujikusanye kwa mamilioni, na ndani yake mna rangi ambazo kiwanda kinazitamani. Spirulina hutoa buluu, rangi adimu sana katika vitu vya asili. Marekani iliiruhusu mwaka 2013 kwa peremende na ubani wa kutafuna, na baadaye ikafika kwenye vidonge. Dunaliella huishi kwenye maji ya chumvi kali, hata kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi, na hujaa rangi ya machungwa ile ile iliyomo kwenye karoti. Sisi wa Afrika Mashariki tumeziona kazi za viumbe hawa bila kujua. Heroe wa maziwa ya Bogoria na Natron, wale ndege ambao wengi huwaita flamingo, hawazaliwi na rangi ya waridi. Kifaranga ni kijivu. Rangi hiyo anaila, kidogo kidogo, katika maji ya magadi yaliyojaa spirulina.

Lakini ninayempenda zaidi ni Haematococcus. Huyu huishi kwenye maji baridi, hata kidimbwi cha mvua juu ya jiwe kinamtosha. Maji yakiwepo na chakula kikiwepo, ni wa kijani na anaogelea kwa vijimkia viwili. Jua likizidi, maji yakianza kukauka, anadondosha vijimkia, anajijengea ukuta mnene, na ndani ya ukuta anajijaza rangi nyekundu inayomkinga na mwanga. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo wanamlisha vizuri kwanza, kisha wanamnyima chakula na kumwanika kwenye mwanga mkali mpaka awive. Wekundu wake ni kinga ya siku za dhiki. Najizuia kuligeuza jambo hili kuwa hotuba ya Ijumaa, ingawa linashawishi.

Kwa upande wa sheria, mwani una bahati. Mafakihi wanasema asili ya vitu ni uhalali mpaka pawe na dalili ya kukataza, na mmea wa majini usiodhuru wala kulevya hauna mashtaka. Mdudu hana bahati hiyo. Sisi wa Pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi wadudu ni katika vinavyochukiza, haviliwi. Wala kitu kilicho najisi kwa asili yake hakisafiki kwa kugeuzwa, ila mambo machache kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe. Wahanafi wana mlango mpana zaidi, wanaouita istihala: kitu kikigeuka kabisa kikawa kingine, hukumu nayo inageuka. Indonesia, ambako wengi pia ni Mashafi, wameshindwa kukubaliana. Baraza la Maulamaa liliiruhusu rangi ya kidudu mwaka 2011. Mwaka 2023 wanazuoni wa jumuiya ya Nahdlatul Ulama wa Java Mashariki wakasema ni haramu. Ndiyo maana kiwanda kinapenda mwani. Haukilazimishi kuchagua shekhe.

Hapo ndipo wengi husimama na kupiga makofi. Mimi hapo ndipo napatwa na wasiwasi. Rangi nyekundu ya Haematococcus haiyeyuki majini, inayeyuka kwenye mafuta. Kwa hiyo mara nyingi huuzwa ikiwa ndani ya kapsuli laini, na kapsuli laini iliyozoeleka ni ya jelatini. Rangi ya machungwa nayo, ili iwe unga usioharibika, huweza kufunikwa kwa jelatini hiyo hiyo. Mwani msafi kabisa umevalishwa koti la shangazi! Hapo bado hujauliza kilichotumika kuikamua rangi, kama ni spiriti au gesi ya kaboni iliyogandamizwa, wala hujauliza mwani wenyewe ulilishwa nini. Mwani wa jua hula mwanga na chumvichumvi, lakini kuna mwingine unaokuzwa gizani kwenye matangi, ukilishwa sukari kama chachu. Waindonesia walilijua somo hili tangu 2001, pale kiungo maarufu cha kutia ladha kilipopigwa marufuku na maulamaa. Nguruwe hakuwemo kwenye kiungo. Alikuwa kwenye chakula cha bakteria waliokitengeneza, kwa kimeng'enya kimoja tu. Rais wao wa wakati huo, Abdurrahman Wahid, mwanazuoni na yeye, akasema ni halali. Walibishana nchi nzima juu ya kitu ambacho hakuna maabara ingekikuta kwenye kijiko.

Kama hakiko kwenye kijiko, basi kiko wapi? Nadhani kiko njiani. Halali ya kitu ni habari ya safari yake, na habari huhitaji shahidi.

Kandokando ya Ziwa Chad wanawake wa Kanembu huteka povu la kijani kutoka kwenye madimbwi ya magadi, hulimwaga kwenye mchanga likauke, hulikata vipande na kulipeleka sokoni. Wanaliita dihé, na hulipika mchuzi. Ni spirulina ile ile. Ni Waislamu, wamekula hivyo vizazi na vizazi, na hakuna aliyewapelekea cheti. Hawakukihitaji: mama anayekula ndiye aliyeteka, au anamjua aliyeteka. Ameiona njia yote kwa macho yake, kutoka ziwani hadi chunguni. (Wanasayansi, kwa taarifa yako, wanasema kiumbe huyo si mwani hata kidogo, ni bakteria anayeishi kwa jua kama jani. Mchuzi haujabadilika ladha kwa habari hiyo.)

Povu hilo hilo likipita kwenye bomba la chuma, likakaushwa, likakamuliwa, likasafirishwa, linahitaji muhuri. Halikuchafuka. Sisi ndio tumekosa macho. Malaysia walipoandika mwaka 2012 kanuni zao za dawa halali, MS 2424, hawakuishia kwenye kiungo. Waliingia mpaka kwenye mitambo, ghala na usafirishaji. Wengine wanaona huo ni urasimu na biashara ya mihuri, na wakati mwingine ni kweli. Ila naona ndani yake jambo la zamani: ushahidi wa watu waadilifu, kama ule wa kuandama kwa mwezi, umehamishiwa kiwandani. Anayemeza hawezi kuona, anaazima macho ya mwingine.

Nasi hapa tuna macho tusiyoyatumia. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa Paje na vijiji vingine wamekuwa wakifunga mwani kwenye kamba maji yakipwa. Ni mwani mkubwa huo, si ule mdogo, na husafirishwa ukiwa mkavu ili nje ukamuliwe karagina, ute wake wa kugandishia. Karagina ya ule wanaouita spinosamu inaweza kutengeneza kapsuli laini isiyo na mnyama yeyote. Yaani koti ambalo shangazi alilitaka lilikuwa likioteshwa ufukweni, na yeye akitupa maganda jaani.

Juzi nimeingia duka la dawa kununua kapsuli zile zile za rangi mbili. Nikamuuliza kijana wa kaunta ganda lake limetokana na nini. Hakucheka, jambo lililonifurahisha. Akaligeuza boksi, akafungua kikaratasi cha ndani, akasoma mpaka mwisho. "Imeandikwa jelatini, mzee," akasema. "Ya mnyama gani haikuandikwa."

Nimenunua. Ukikutana na boksi linalosema zaidi ya hapo, niandikie.