Je, Muziki Usio na Maneno Unaweza Kuwa Sala?

Sala kwa kawaida hutamkwa. Muumini hutaja anachoomba au anachoshukuru, na waliopo huitikia amina. Muziki wa ala peke yake hautaji kitu, na hapo ndipo swali linapozuka: je, sauti ya fidla au ya ngoma isiyoandamana na mwimbaji inaweza kumwelekea Mungu, au ni burudani tu? Meru na Embu, nchini Kenya, ni mahali pafaapo kulipimia swali hili, kwani huko ibada ya maneno na ngoma isiyo na maneno zimeishi jirani kwa zaidi ya miaka mia moja.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walijenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, na Wapresbiteri wa Scotland wakafungua kituo cha Chogoria mwaka 1922. Kwa Waprotestanti hao wimbo ni chombo cha kubebea Neno. Muziki ukilifunika Neno, umepotoka. Wakatoliki nao walikuwa na mipaka yao. Mwaka 1903 Papa Pius X alipiga marufuku ngoma na piano kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, ulilegeza msimamo huo na kutaka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake. Ndiyo maana leo ngoma husikika katika misa za Jimbo la Meru na la Embu, lililomegwa kutoka Meru mwaka 1986. Hata hivyo, ngoma hizo kwa kawaida huisindikiza kwaya. Ruhusa hiyo peke yake haijamaliza swali la ala isiyo na mwimbaji.

Chuka, kwenye barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, inajulikana kwa wapigaji ngoma wake. Mpigaji huibana ngoma ndefu kati ya mapaja, akaielekeza mbele na kuipiga kwa viganja huku mwili wote ukicheza. Mdundo mmoja hujibiwa na mwingine, kasi hupanda, na watazamaji huelewa kwamba kuna jambo la kuadhimishwa ingawa hakuna sentensi iliyotamkwa. Jambo lenyewe huwa wanalijua tayari kutokana na tukio lililowakusanya.

Muziki wa nyuzi wa Ulaya ya karne ya 19 uliliendeleza swali hilohilo kwa njia yake. Kundi lake la kawaida, kwarteti, lina watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Mwaka 1825 Beethoven, baada ya kupona ugonjwa mkali, aliandika kwarteti ya Opus 132, na juu ya sehemu yake ya tatu akaeleza kwamba ni wimbo mtakatifu wa shukrani wa mgonjwa aliyepona. Mwaka mmoja kabla, Schubert, ambaye naye alikuwa ameugua, alichukua sauti za wimbo wake wa zamani kuhusu Kifo na msichana, akaziondolea maneno na kuzifanya msingi wa sehemu ya pili ya kwarteti yake katika D ndogo. Ala zote nne huanza pamoja, polepole, kwa mwendo wa noti moja ndefu na mbili fupi kama wa mazishi. Kisha fidla ya kwanza hupanda juu ya wenzake na kurembesha, na baadaye selo huushika wimbo. Mwishoni huzuni hutulia katika G kubwa.

Wanafalsafa walitofautiana kuhusu kinachotokea hapo. Schopenhauer alidai kwamba muziki huigusa asili ya ulimwengu moja kwa moja, jambo ambalo sanaa nyingine haziwezi. Mwaka 1854 Hanslick alimpinga mtu yeyote mwenye kudhani kwamba muziki hueleza hisia fulani: kwake uzuri wa muziki ni mpangilio wa sauti zenyewe. Hoja yake ina nguvu. Asiyeambiwa habari za Beethoven atasikia utulivu, lakini hawezi kujua kwamba anayeshukuru ni mgonjwa aliyepona, wala kwamba anayeshukuriwa ni Mungu.

Lakini hoja hiyo haiifungi njia ya sala. Mtakatifu Augustino aliungama kwamba alijiona mkosaji kila sauti ilipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Augustino huyohuyo, akifafanua Zaburi, alisifu shangwe isiyo na maneno, akisema kwamba moyo hupaza sauti pale usipoweza kutamka furaha yake. Paulo naye aliwaandikia Warumi kuhusu Roho anayeombea watu kwa kuugua kusikotamkika. Kwa hiyo mapokeo ya Kikristo yenyewe yanakubali sala isiyo na sentensi.

Jibu basi ni kutenganisha maungamo ya imani na sala. Muziki wa ala hauwezi kufundisha itikadi: nyuzi haziwezi kutamka Utatu wala ngoma haiwezi kukanusha uzushi, na hapo wamisionari wa Kigari na Chogoria walikuwa na haki ya kushikilia maneno. Ila kushukuru, kulia na kutukuza hakuhitaji sentensi, bali huhitaji anayekusudia na tukio linaloeleweka. Kwarteti ya Beethoven ikipigwa kwenye ukumbi ni tamasha. Ikipigwa katika misa ya shukrani ya mgonjwa aliyepona, kwa nia hiyo, ni sala. Ngoma ya Chuka inastahili kupimwa kwa kipimo hichohicho.