Mashine Yako, Ufunguo Wake

Tuseme karakana ya Korogwe imenunua mashine ya kukereza vyuma inayoongozwa na kompyuta. Programu yake inadai toleo jipya, na ufunguo anao mtengenezaji, ng'ambo. Shafti ya kinu cha kusaga iliyoletwa kutoka Handeni inasubiri. Watu nao wanasubiri unga. Hapo mwenye mashine ni nani?

Mtengenezaji atasema anazuia ajali na wizi. Sawa, ana hoja.

Lakini mkonge nao ulitoka ng'ambo. Mwaka 1893 Hindorf aliagiza miche Florida, ikapona 62 tu. Ukaenea mpaka Korogwe bila kuomba ruhusa Florida.

Mimi programu mpya siikatai, nakataa kufungiwa. Fundi asiyeruhusiwa kufungua chombo alichokilipia ni mpangaji tu, na mpangaji hata msumari hupiga kwa ruhusa.