Simu Ilikufa, Mchezo Ukabaki

Kintinku ni kituo cha reli katika wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kwenye njia ya kati itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Nchi yake ni tambarare yenye joto, na wenyeji wake wengi hulima mtama na uwele na kufuga ng'ombe. Huko tulipokewa siku moja na jamaa mmoja, naye akatusimulia kisa ambacho twaona chawafaa wazazi wote wasomao ukurasa huu.

Bwana huyo aliuza magunia ya mtama akanunua simu yenye kioo kipana. Muuzaji alimwapia kwamba ni simu halisi. Ilipofika usiku wa manane wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia mitandao yote ya nchi. Kila simu halali ina namba yake yenye tarakimu 15, isiyorudiwa katika simu nyingine. Simu bandia haina namba hiyo, au imeiba ya nyingine. Tangazo lilikuwa limetolewa miezi kadhaa kabla, na jambo lenyewe lilikuwa la haki. Walakini hasara ilimwangukia mnunuzi, naye mdanganyifu alikuwa amekwisha kwenda zake na fedha.

Asubuhi bwana wetu alibonyeza namba, akabonyeza tena, simu haikuita. Lakini tochi yake iliwaka, na michezo iliyokuwamo ilichezeka kama jana. Basi akampa mwanawe, aliyekuwa darasa la kwanza, iwe kitu cha kuchezea. Leo mtoto huyo ni kijana, na kila apatapo shilingi huipeleka kwenye kibanda cha gemu, ambako vijana huketi mbele ya televisheni na kulipia kila mechi. "Padre," baba yake alituambia, "huyu mtoto ameibwa na vioo."

Tulimwita kijana mwenyewe. Akaamkia kwa adabu, akajibu hivi: "Padre, kule nikishinda najua nimeshinda, na nikishindwa naanza tena. Hakuna wa kunizungusha."

Neno hili lastahili kupimwa. Wengi wetu, tukiulizwa kwa nini kijana aupenda mchezo wa kwenye kioo kuliko jembe na daftari, hujibu upesi kwamba ni uvivu. Jibu hili halitoshi. Mvivu hakubali kushindwa mara 20 akaanza mara ya 21. Mchezaji hufanya hivyo bila kulazimishwa na mtu. Yafaa basi tuulize ni kitu gani akionacho huko.

Tazameni mchezo wa nyoka, ambao wazazi wengi waliucheza wenyewe. Ulitiwa katika simu ya Nokia 6110 mwaka 1997. Sheria zake zaeleweka kwa dakika moja: nyoka akila hurefuka, akijigonga hufa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini hupata sawa kwa juhudi sawa. Kosa huonekana papo hapo, na baada ya kosa mlango haufungwi. Kijana hakuvutwa na rangi tu. Alivutwa na ahadi inayotimizwa.

Sasa tuvilinganishe vyombo vingine tuviletavyo nyumbani. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilianza kuzimwa nchini, kwanza Dar es Salaam, na televisheni iliyokuwa nzima jioni ikahitaji king'amuzi ili ionyeshe picha. Simu ya leo husifiwa kwa nafasi yake kubwa. Kisha programu zake hudai kusasishwa kila mara, nafasi ikajaa, na betri ikachoka kabla deni la kuinunulia halijalipwa. Ukilalamika, muuzaji hukupeleka kwa fundi, fundi hukuambia kosa ni la kiwanda, nacho kiwanda kiko ng'ambo. Hivyo twazoea kuahidiwa bila kutimiziwa, na ubaya wa mazoea hayo ni kwamba hutufundisha kutenda vivyo hivyo.

Maana kijana yule aliongeza jambo moja, bila hasira. Baba yake alimwahidi baiskeli endapo atafaulu mtihani wa darasa la saba. Alifaulu. Baiskeli haikuja. Baba alikuwapo, akainamisha kichwa.

Hatusemi kwamba kibanda cha gemu ni mwalimu wa haki. Haki yake haimgharimu mtu. Nyoka akirefuka hakuna aliyeshiba. Tena michezo mingi ya sasa hutolewa bure, kisha katikati ya njia humwomba mchezaji fedha ili asonge mbele upesi. Hapo na mchezo huuza upendeleo. Hatari nyingine si ndogo. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo hii katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea ijapokuwa aona madhara. Mzazi azionaye dalili hizi asinyamaze.

Walakini mchezo wenyewe si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni mchezo. Tena alimhesabu kuwa na kosa mtu akataaye kila furaha na kuwalemea wenzake kwa ukavu wake. Mipaka aliyoiweka ni kwamba mchezo usiwe wa aibu wala wa kudhuru, usiuvuruge utulivu wa moyo, na uwe na wakati na mahali pake.

Basi, wazazi, kabla ya kumnyang'anya kijana kioo chake, yatupasa tujiulize tumempa nini badala yake. Kazi za nyumbani ziwe na mpaka ujulikanao. Asifiwe siku ile ile atendapo vema, akosapo aonyeshwe kosa lake na kupewa nafasi ya pili. Tusiahidi tusichoweza. Na kama tumeahidi, tukashindwa kwa sababu ya ukame au deni, tumwambie kweli. Mtoto huvumilia umaskini wa baba yake, lakini kimya chake huona ni dharau.

Tulipoaga, bwana yule alikuwa akimweleza mwanawe, kwa mara ya kwanza, fedha ya baiskeli ilikwenda wapi. Kijana alikuwa akisikiliza.