Tuliza Mkono, Mwanangu

Kaa hapa, mwanangu. Weka kamera mezani. Nimeziona picha zako zilizorudi jana kutoka kusafishwa, na nimekusikia ukisema lenzi ni mbovu, unataka nyingine. Kabla hujatoa fedha, hebu tazama negativu hii. Nimeitunza miaka mingi.

Iinue dirishani. Unaiona taa ya ukutani? Ilipaswa kuwa nukta, imekuwa mkia. Sasa tazama kofia za wazee, ukingo wa mlango, birika la kahawa. Vyote vimeburuzwa upande mmoja. Hiyo ndiyo alama ya kamera iliyotikisika. Kosa lingekuwa la fokasi, ungeona kitu mbele au nyuma kilichotoka vizuri. Angesogea mzee peke yake, ukuta ungebaki safi. Hapa hata ukuta umecheza. Aliyetikisika ni mimi.

Ilikuwa nikaha, Tanga, jua limeshazama. Nilikuwa kijana mwenye haraka kama wewe. Nilikuwa na Pentax K1000 na lenzi yake ya milimita 50, lakini lenzi hiyo niliiacha nyumbani. Nilikuwa nimejinyima miezi mingi nikanunua ya milimita 200, nikiamini lenzi ndefu ndiyo humfanya mtu fundi. Mkanda ulikuwa wa ASA 100. Nilifungua lenzi hadi mwisho, f/4, nikazungusha kasi mpaka mshale wa mwanga ukakaa katikati. Ulikaa kwenye 1/8 ya sekunde. Nikabonyeza hivyo hivyo, nimesimama, pumzi juu juu.

Picha 36, zote zimecheza. Yule unayemwona ameinua mikono ni babu yake bwana harusi, anaomba dua. Mwaka haukwisha, akafariki. Wanawe wakaja kuniuliza kama ninayo picha yake nyingine. Sikuwa nayo.

Sikiliza sasa. Mkono wa mtu hautulii kabisa, hata mapigo ya moyo huutikisa. Lenzi ndefu inapokuza uso, inakuza na mtikiso huo. Kwa hiyo tulifundishwa kipimo hiki: namba ya kasi isiwe ndogo kuliko urefu wa lenzi. Ya 50, shika 1/60 au zaidi. Ya 200, shika 1/250. Mimi nilishika 1/8.

Lenzi yangu ya 50 ilifunguka hadi f/2. Hapo mwanga ni mara 4. Mkanda wa 400 badala ya 100, mara 4 tena. Jumla mara 16. Ile 1/8 ingekuwa 1/125, kasi ambayo mkono unaiweza. Ila ningelazimika kumsogelea babu. Ningeomba radhi, nikapiga magoti pembeni ya jamvi. Nilikuwa na haya, mwanangu. Ile lenzi ndefu niliinunua ili nisiwasogelee watu.

Ukichagua kamera, fikiria mkono wako kwanza. Kamera kama hii yako ina kioo kinachoruka kila unapobonyeza, na kishindo chake hudhuru zaidi kwenye kasi ndogo kama 1/15. Leica za zamani za kuchungulia pembeni hazina kioo hicho. Yashica ya lenzi mbili kioo chake hakiruki, nayo waining'iniza shingoni, ukanda ukiwa umekaza, ukiinamia juu yake. Wala usikimbilie iliyo nyepesi kuliko zote. Kamera nyepesi mno hurushwa na kidole chako mwenyewe.

Lakini iwe ipi, kazi ni ile ile. Viwiko vibane mbavuni. Mkono wa kushoto ukae chini ya lenzi, uibebe. Egemea ukuta ukiupata. Toa pumzi taratibu, na pumzi inapokwisha, kamua kitufe polepole, usikipige. Fanya hivyo na kamera tupu, kila jioni, mwezi mzima. Mimi ilinichukua zaidi ya mwezi.

Na chukua hii. Ni parafujo ya robo inchi, inaingia kwenye tundu lililo chini ya kamera nyingi. Nimeifunga kamba ya katani, katani yetu ya hapa Tanga. Ikaze chini ya kamera, kanyaga ncha ya kamba, vuta kamera juu mpaka kamba inyooke. Utaona mkono unavyotulia. Haina gharama, na ingenisaidia usiku ule, kama ningekuwa na subira ya kuuliza wakubwa.

Negativu nirudishie, bado huwa naitazama.

Jioni nenda kwa bibi yako na lenzi yako ya 50. Usianze na kamera. Mwamkie, kaa naye mkekani, mnywe chai mpaka akuzoee. Akianza kusimulia, nawe umeshatulia, ndipo uinue kamera.