Sauti ya Marehemu na Mkono wa Aliyebaki

Mtu akifariki kazi yake ikiwa nusu, nani mwenye haki ya kuimaliza? Suali hili tumezoea kuliuliza juu ya nyumba, shamba au kitabu. Mimi naliuliza juu ya sauti, na mfano wangu ni wa mtoto wa Unguja, ingawa wapo watakaokunja uso kuona muziki wa roki, tena ule mzito wa magitaa, ukitajwa katika kurasa za mashairi.

Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Albamu ya Made in Heaven, yenye sauti yake, ilitoka tarehe 6 Novemba 1995, takriban miaka minne baada ya mauti. Katika mwaka ule wa mwisho, afya ikizidi kudhoofika, aliingia studio ya Montreux, Uswisi, akiwahimiza wenzake wampe maneno ayaimbe upesi. Wao watamalizia baadaye. Huo ni wasia. Kwa masimulizi ya mpiga gitaa Brian May, walipokuwa wakirekodi wimbo wa Mother Love, Mercury alisema amechoka, atarudi kuumaliza. Hakurudi. Ubeti wa mwisho akauimba May mwenyewe, na msikilizaji husikia wazi pale sauti moja inapokoma na nyingine inapoanza.

Lau albamu nzima ingekuwa hivyo, nisingekuwa na la kusema. Lakini nyimbo mbili, ukiwamo ule ulioipa albamu jina, zilitoka katika Mr. Bad Guy, kazi aliyoitoa Mercury peke yake mwaka 1985. Sauti ilitenganishwa na muziki wake wa awali, ikatandikiwa ngoma na magitaa ya bendi. Hapa hapakuwa na pengo la kuzibwa. Mwenyewe alikwisha kuchagua vyombo vyake, akaridhika, akaitoa kazi yake sokoni. Wasia wa mwaka 1991 juu ya nyimbo zilizobaki nusu haufiki huko, hata kama nia ya wenzake ilikuwa mapenzi matupu, nami siishuku.

Huku Pito, katika nyanda za juu za Ufipa ninakoandikia, mtu anaweza kunijibu kwa mfano wa chuma. Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri refu la udongo liitwalo ilungu. Kilichotoka humo hakikuwa tayari. Kilitiwa tena katika tanuri dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akakifua kuwa jembe. Je, jembe lilikuwa la nani kati yao? Hoja ni nzuri, lakini haitoshi. Anayelima hamsikii aliyeyeyusha chuma akinena. Anayesikiliza wimbo humsikia mwimbaji, na huamini kwamba hivi ndivyo alivyotaka kusikika.

Pwani tuna njia ya zamani ya kuingia katika kazi ya marehemu, nayo ni takhmisi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule wa Al-Inkishafi, anatajwa kuwa ndiye aliyelitia takhmisi shairi la Liyongo: maneno ya Liyongo yamebaki mahali pake, naye akatanguliza mishororo mitatu yake mwenyewe katika kila ubeti. Ajuaye utaratibu huo hawezi kuchanganya kauli za wawili hao. Mother Love imeukaribia uadilifu huo. Zile nyimbo mbili za mwaka 1985 zimetuwekea watu wanne kana kwamba walikutana chumba kimoja siku moja.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, akafariki mwaka 1950 bila wasia wowote tuujuao juu ya mashine za leo, zinazoweza kuitoa sauti yake katika mikwaruzo na kuitandikia okestra nzima. Atakayetaka kufanya hivyo hatapata wa kumwomba ruhusa isipokuwa warithi, nao hawakuimba. Basi na atuandikie juu ya jalada, kwa herufi zinazosomeka, kipi ni cha Bombay na kipi ni chake.